Vifo vya Vita na Mambo ya Ndoa: Mfano wa Ufaransa Baada ya 1918

Kila vita vikubwa vinapokwisha huzuka usemi mmoja katika nchi zilizopigana: kwamba wanaume wamekwisha, na wanawake waliobaki hawana wa kuwaoa. Usemi huu una sura ya kweli, maana vita huchukua vijana, na vijana ndio waposaji. Asemaye hivyo hufanya hesabu nyepesi ya kutoa. Walikuwako vijana mia na wasichana mia. Vijana ishirini na watano wamekufa. Basi wasichana ishirini na watano watazeeka katika nyumba za baba zao. Kama hesabu, haina kosa. Lakini ndoa haiendi kwa hesabu ya kutoa. Nia ya insha hii ni kutazama jinsi ndoa zilivyokwenda katika nchi moja iliyopoteza vijana wengi mno, ambayo daftari zake za vizazi, ndoa na vifo ziliandikwa kwa uangalifu, hata mtu akaweza kufuata maisha ya rika moja baada ya jingine tangu utotoni hadi uzeeni. Nchi hiyo ni Ufaransa, na vita ni vile vya 1914 hadi 1918.

Ufaransa iliingia vitani ikiwa na watu milioni 39 na zaidi kidogo. Wanaume walioitwa jeshini katika muda wa miaka minne na miezi mitatu walikuwa kiasi cha milioni 8, na katika hao waliokufa, au waliopotea wasionekane tena, ni kiasi cha milioni 1.3. Katika kila sita walioitwa, mmoja hakurudi. Lakini wastani huu wafunika jambo zito. Mtu wa miaka arobaini aliyelinda daraja nyuma ya jeshi hakuwa katika hatari moja na kijana wa miaka ishirini aliyetiwa katika handaki la mbele. Katika marika yaliyotimiza miaka ishirini karibu na 1914, zaidi ya robo ya vijana walikufa. Tena mauti hayakugawanyika sawasawa baina ya kazi na kazi. Mafundi wa viwandani walihitajiwa kutengeneza silaha, na sheria ya Agosti 1915, iliyojulikana kwa jina la mbunge Dalbiez, iliweka utaratibu wa kuwarudisha wengi wao karakanani. Mkulima hakuwa na karakana ya kurudishwa. Alibaki katika jeshi la miguu. Ndiyo sababu mtu apitaye hata leo katika kijiji kidogo cha Ufaransa hukuta mnara wenye majina ya wafu mengi kuliko alivyodhania kijiji kile kingeweza kutoa.

Wakati wa vita vyenyewe ndoa zilikauka. Mwaka 1913 zilifungwa ndoa karibu 300,000; mwaka 1915 hazikufika 100,000. Dola iliona hatari hiyo, hasa kwa watoto ambao baba zao walikufa kabla ya kuwaoa mama zao. Sheria ya 4 Aprili 1915 ikaruhusu askari aliye vitani aoe kwa wakili, jambo ambalo kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki si geni hata kidogo, lakini kwa Wafaransa wa siku zile lilikuwa ajabu kubwa. Mwaka 1917 ikafuata sheria nyingine ya kuwapa uhalali watoto ambao wazazi wao walizuiwa wasioane kwa kuitwa jeshini na kufa kwa baba. Hapo twaona kwamba serikali ilijua mapema kuwa vita vilikuwa vikigusa nasaba za watu pamoja na mipaka yao.

Amani ilipokuja, ndoa zilifurika. Mwaka 1920 peke yake zilifungwa zaidi ya 620,000, idadi ambayo nchi ile haikupata kuiona kabla. Waandishi wa magazeti walifurahi, lakini furaha ile haikuthibitisha neno. Wengi wa waliooana mwaka ule walikuwa wachumba wa zamani ambao vita viliwachelewesha. Mtu akiziba mfereji kwa miaka mitano kisha akauzibua, maji yatatoka kwa nguvu, lakini nguvu ile haionyeshi kwamba chemchemi ina maji mengi. Kujua hali ya chemchemi kulihitaji kungoja. Ilibidi wasichana waliozaliwa katika miaka ya 1890, waliokuwa na umri wa kuolewa vita vilipoanza, wafike miaka hamsini, ndipo ahesabiwe nani aliolewa na nani hakuolewa kabisa.

Aliyeifanya hesabu hiyo kwa ukamilifu ni Louis Henry, mtaalamu wa hesabu za watu, katika makala aliyoitoa mwaka 1966 katika jarida la taasisi ya Paris inayoshughulika na elimu hiyo. Alichokikuta kiliwashangaza wengi. Katika marika ya wanawake yaliyotangulia vita, mmoja katika kila tisa au kumi alifikia miaka hamsini bila kuolewa. Katika marika yaliyopigwa zaidi na vita, alikuwa mmoja katika kila nane. Basi! Robo ya vijana wa kiume imekwenda kaburini, na idadi ya wanawake wasioolewa imepanda kwa kiasi ambacho mtu akipita kijijini hangekitambua kwa macho. Yapasa kuuliza: waume hao walitoka wapi?

Jibu la kwanza na kubwa limo katika umri. Kabla ya vita, desturi ya Wafaransa ilikuwa mume amzidi mke kwa miaka minne hivi. Desturi hii ilionekana kama sheria ya maumbile, lakini ilikuwa desturi tu, na shida ilipokuja ilipinda. Msichana aliyezaliwa mwaka 1895, ambaye kwa kawaida angeposwa na kijana wa mwaka 1891, aliolewa na mtu wa umri wake, au hata mdogo wake wa mwaka 1898 aliyefika vitani mwishoni. Lakini yule wa 1898 alikuwa amewekewa na desturi msichana wa 1902! Basi msichana wa 1902 naye akamchukua kijana wa 1904, ambaye hakupata kuvaa sare ya vita, na yule wa 1906 akateremka vivyo hivyo. Kwa njia hii hasara iliyoanguka juu ya marika machache ya wanaume haikubaki juu ya marika machache ya wanawake. Ilisambazwa, kila rika likachukua sehemu yake na kusukuma iliyobaki kwa wadogo zao. Mzigo ambao ungemvunja mgongo mpagazi mmoja uligawiwa msafara mzima. Hesabu nyepesi ya kutoa tuliyoianza juu hukosea hapa hasa, kwa sababu hudhani kwamba kila rika la wasichana limefungwa kwa kamba na rika moja tu la wavulana.

Jibu la pili ni makapera. Ufaransa ya kabla ya vita ilikuwa nchi yenye wanaume wengi waliokufa bila kuoa: vibarua wa mashamba wasio na kipande cha ardhi, wadogo wa nyumba ambao urithi haukuwatosha, watumishi walalao katika mazizi ya matajiri wao. Kwa mtu kama huyu mlango wa posa ulikuwa umefungwa na baba wa msichana. Baada ya 1918 mlango ule ulifunguka, na wanaume wa marika yale wakaoa kwa wingi kuliko baba zao. Kapera wa nchi ile, aliyekuwa kama akiba isiyotumika, akawa mume.

Hapo ndipo nionapo haja ya kumsoma Henry kwa uangalifu zaidi kuliko alivyosomwa na baadhi ya wafuasi wake, ambao hutaja hesabu yake kana kwamba vita havikuwadhuru wanawake. Daftari la ndoa husema fulani kaolewa. Halisemi kama alimtaka aliyemwoa. Uchunguzi mwingine wa wataalamu watatu, uliotolewa mwaka 2011, ulilinganisha sehemu za Ufaransa zilizopoteza wanaume wengi na zile zilizopoteza wachache. Ulionyesha kwamba palipokufa wengi, wanaume waliobaki waliacha kwa kiasi kuoa wanawake wa tabaka lililo chini yao. Kwa maneno mengine, mwanamume alipanda, na mwanamke, ili apate mume, alishuka. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa waliongezeka katika sehemu hizo. Talaka, ambazo katika Ufaransa nzima zilikuwa karibu mara mbili baada ya vita, huko hazikukua kwa mwendo ule. Sababu za jambo hili la mwisho zaweza kubishaniwa, lakini kwangu mimi si vigumu kukisia. Mke ajuaye kwamba akitoka hapati mwingine huvumilia mengi. Kwa hiyo idadi ya ndoa ilisimama karibu pale pale, lakini ndani ya ndoa mizani ilihama.

Jibu la tatu ni wageni. Mashamba na migodi ya Ufaransa iliita watu kutoka Italia, Poland, Hispania na Ubelgiji, na wageni waliokuwa kiasi cha milioni 1.5 mwaka 1921 walifika karibu milioni 2.7 mwaka 1931. Wengi walikuwa wanaume wasio na wake. Lakini mwanamke wa Kifaransa aliyeolewa na mgeni alikuwa, kwa sheria ya zamani, akipoteza uraia wake na kufuata wa mumewe. Msichana wa Kifaransa akawa Mtaliano kwa kutia sahihi, hali hajapata kuvuka mlima. Sheria ya 10 Agosti 1927 ilibadili jambo hili, ikamwacha mwanamke na uraia wake. Watetezi wa haki za wanawake walikuwa wamelidai kwa muda mrefu, nao wastahili sifa yao. Lakini yamkini wabunge wale, wanaume watupu, wasingelikubali upesi hivyo kama makaburi yasingewahimiza.

Wajane lazima watajwe peke yao. Walikuwa kiasi cha 600,000. Sheria ya Kifaransa ilimtaka mjane angoje miezi kumi kabla ya kuolewa tena, ili nasaba ya mtoto isichanganyike. Ni eda kwa maana ileile iliyo katika sheria ya Kiislamu, ingawa ile ya Kiislamu ni miezi minne na siku kumi. Baadhi ya wajane waliolewa, hasa wale vijana na wasio na watoto. Sehemu kubwa hawakuolewa, nao katika hesabu ya Henry hawaonekani, maana yeye alihesabu wasioolewa kamwe, na mjane alikwisha kuolewa, pengine kwa miezi mitatu tu ya mwaka 1914. Hili ni shimo kubwa katika picha ile nzuri. Mwanamke aliyefiwa na mume akiwa na miaka ishirini na miwili, akaishi hadi themanini, ameandikwa miongoni mwa walioolewa.

Tena walikuwako wake wa waliopotea, ambao msiba wao haukuwa na jina. Mizinga iliwatawanya watu wengi kabisa hata isipatikane maiti ya kutambuliwa. Katika jengo la mifupa la Douaumont, karibu na Verdun, imehifadhiwa mifupa ya askari wapatao 130,000 wasiojulikana, Wafaransa kwa Wajerumani. Mke wa mtu kama huyo hakuwa mke wala mjane. Alihitaji hukumu ya mahakama iseme mumewe amekufa kabla ya kuweza kuposwa, na wengine hawakutaka kuiomba hukumu hiyo, kwa kuwa kuiomba kulikuwa kama kumwua mume kwa mkono wao.

Huko Uingereza kilio cha wanawake waliozidi kilikuwa kikubwa zaidi kuliko Ufaransa, hali vifo vyao kwa kadiri ya watu vilikuwa vichache. Hesabu ya watu ya 1921 katika England na Wales ilionyesha wanawake wamezidi wanaume kwa kiasi cha milioni 1.7, na magazeti yakawaandika wanawake hao kama bidhaa iliyokosa mnunuzi. Magazeti yalisahau kwamba mwaka 1911, kabla ya risasi ya kwanza, ziada ilikuwa tayari kiasi cha milioni 1.2. Vijana wa Kiingereza walikuwa wakihama kwa maelfu kwenda Kanada, Australia na makoloni mengine. Vita viliua wengi, lakini pia vilizuia uhamaji ule kwa miaka minne. Kila ziada ya wanawake kutiwa katika hesabu ya vita ni uvivu wa fikira.

Jambo ambalo wachache hulikumbuka ni kwamba vita hupiga ndoa mara mbili. Wanaume wakiwa mahandakini, watoto hawazaliwi. Ufaransa ilikosa, kwa kukadiria, vizazi milioni 1.4 katika miaka ile, kiasi kilicho karibu sawa na maiti zake. Serikali ilifanya hofu, na kwa sheria ya 31 Julai 1920 ikakataza kutangaza njia za kuzuia mimba. Lakini sheria haiwezi kuzaa mtu wa mwaka 1916 aliyekwisha kukosa kuzaliwa. Marika haya membamba yalipokua, mambo yaligeuka. Kijana wa mwaka 1912 aliyetafuta, kwa desturi, msichana wa 1916 aliwakuta wachache. Naye msichana wa 1920, mzaliwa wa zile ndoa zilizofurika, alipotazama wanaume waliomzidi kwa miaka minne alikuta upungufu uleule. Jeshi nalo liliona pengo. Mwaka 1935 muda wa utumishi uliongezwa hadi miaka miwili kwa sababu vijana hawakutosha kujaza kambi. Na kabla marika haya hayajakwisha kuoana, mwaka 1940 Wajerumani waliteka askari wa Kifaransa zaidi ya milioni 1.5, wengi wakakaa kifungoni Ujerumani hadi 1945.

Je, mfano wa Ufaransa ni kanuni ya ulimwengu? La. Ndoa hupinda mahali panapo nafasi ya kupinda. Muungano wa Kisovyeti ulipoteza katika vita vya 1941 hadi 1945 watu wapatao milioni 27, askari na raia, juu ya waliokwisha kuliwa na vita vya kwanza, vita vya wenyewe kwa wenyewe, njaa na mateso ya utawala. Hesabu ya watu ya 1959 ilikuta wanawake wamezidi wanaume kwa zaidi ya milioni 20, karibu wote miongoni mwa waliopita miaka 30. Pengo la namna hii haliwezi kusambazwa kwa marika, kwa kuwa marika ya jirani nayo yamekatwa. Dola ile ilichagua njia nyingine. Kwa amri ya 8 Julai 1944 ilifanya talaka kuwa ngumu na ya gharama, ikampa posho mama asiye na mume, na papo hapo ikamnyima haki ya kumdai baba wa mtoto chochote ikiwa ndoa haikuandikishwa. Mwanamume akawa huru kuzaa nje bila deni. Katika cheti cha mtoto, mahali pa jina la baba, palitiwa kistari. Mamilioni ya watoto walikwenda shule na kistari hicho, mpaka sheria ya ndoa ya 1968 ilipoanza kuwafungulia njia. Ufaransa ya 1917 iliyafuata majina ya baba waliokufa ili iwape watoto. Moscow ya 1944 iliwaficha baba waliokuwa hai.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza habari za kwao, na ana haki, maana vita vile vya 1914 vilipiganwa hapa pia. Hesabu za wanahistoria juu ya wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake zakaribia laki moja, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Jina la jeshi lao limebaki katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Twajua kwamba desturi zetu zilikuwa na njia zake za kulipokea pengo: kwa Wajaluo mjane huchukuliwa na ndugu wa marehemu, na mahali pengi mitala humwezesha mwanamume mmoja kuwa na nyumba kadha. Lakini kazi ya Henry haiwezi kufanyika hapa. Yeye alikuwa na daftari. Wapagazi wengi waliandikwa kwa majina yaliyokosewa, au kwa namba, au hawakuandikwa. Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, na mwanamke wa Kiislamu ambaye mumewe alichukuliwa kubeba mizigo hadi Rufiji hakuwa na wa kumwambia siku hiyo ni ipi.

Alama moja imebaki katika karatasi za serikali. Mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo jamaa zao hawakupatikana au hawakujua kuidai, ilizozaniwa baina ya wakuu wa Kenya na Hazina ya London katika miaka ya 1920 na hata ya 1930. Fedha ile, kwa vijana wengi walioondoka makwao bila mke, ndiyo ingekuwa mahari. London haikuitoa.